Kabla hujaandika dozi ya mgonjwa wa figo

Wadogo zangu mlioingia wodini juzi, nawapenda, lakini kila kundi jipya linarudia makosa yaleyale, na anayeumia ni mgonjwa. Nisikilizeni.

1. Pigeni hesabu ya Cockcroft-Gault, inayokadiria figo zinasafisha damu kwa kasi gani, msiitazame kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) peke yake. Nilimkuta bibi wa miaka 78, kilo 42, kreatinini maikromoli 140 kwa lita. Aliyempokea alisema imepanda kidogo tu, akamwandikia gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, miligramu 300 mara tatu kwa siku. Baada ya siku chache bibi akawa analala mchana kutwa, mikono ikimrukaruka. Wakadhani kiharusi, picha ya CT ya kichwa ikarudi safi. Wakadhani maambukizi, wakamwongezea antibiotiki. Wanawe walishaanza kumuaga, na chati ya dawa iko palepale kitandani, hakuna aliyeifungua. Haya, 140 ya kanuni toa umri 78, mara kilo 42, mara 1.04 ya wanawake, gawanya kwa kreatinini yake 140: figo zinasafisha mililita 19 tu kwa dakika! Mzee mwembamba hana misuli ya kutoa kreatinini nyingi. Na gabapentini hutoka kwa figo tu. Kwa figo zile alistahili miligramu 200 hadi 700 kwa siku nzima, kwa mkupuo mmoja. Iliposimamishwa, bibi akazinduka, akawaita wanawe kwa majina.

2. Hesabu hiyo inataka kreatinini iliyotulia. Mgonjwa asiyekojoa tangu jana, hata kama leo ana kreatinini 180, mhesabuni kuwa yuko chini ya mililita 10 kwa dakika. Tazameni mfuko wa mkojo.

3. Dozi ya kwanza ya antibiotiki msiikate. Vankomaisini ya kuanzia hufuata uzito. Zinazofuata ndizo za kupunguza au kuachanisha saa. Inaniuma kuona mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru viungo) akipewa nusu dozi tangu saa ya kwanza, ilhali figo zake huenda zikarudi ndani ya siku mbili. Seftriaksoni kwa kawaida haiguswi kabisa.

4. Kwa maumivu, mofini huacha mabaki yanayolundikana figo zikiwa dhaifu. Fentanili ni salama zaidi. Metfomini ya kisukari, hesabu ikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, simamisheni.

5. Siku ya dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, antibiotiki ya gentamaisini kwa kawaida mgonjwa hupewa baada ya mashine kumaliza. Ukipunguza dozi yoyote, andika kwenye faili lini utapima kreatinini tena, maana figo zikipona na dozi ikabaki ndogo, maambukizi yanaendelea. Ukiwa na shaka mpigie mfamasia, au nipigie mimi, hata saa nane usiku.