Vifaa vya asili vya mashua: pa kuanzia

Ndugu, umesema umenunua mashua ya mbao, unataka kuitoa nailoni yote na kuirudishia tanga la pamba, kamba za mnazi na gofia za mti, yaani kapi za kupitishia kamba. Madukani usipoteze muda, vitu hivi hutoka mikononi mwa mafundi. Upande wa Kenya nenda Matondoni, kisiwani Lamu. Unguja nenda Nungwi. Kote huko majahazi bado yanaundwa ufukweni, na fundi wa chombo atakuelekeza kwa mchonga gofia na mshona tanga. Nenda na gofia ya zamani hata kama imepasuka, maana ndiyo kipimo.

Kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, iulize Jambiani na Paje, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja. Kina mama wa huko hufukia makumbi pwani maji yanapofika, wakayaacha miezi, kisha wakayafukua, wakayatwanga na kusokota. Ukiipata, ifumue kidogo: nyuzi ziwe ndefu, zisikatike ovyo ukizivuta. Ila usumba hunyumbuka sana. Kwa kufungia nanga ni mzuri; kwa henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, mimi ningetia manila, kamba ya nyuzi za mgomba wa Ufilipino, hata wazee wakinicheka. Mkonge wa Tanga ni rahisi, lakini ukilowa kila siku hauchelewi kuoza.

Tanga la marudufu, yaani kitambaa kizito cha pamba, usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu. Likilowa mvua, legeza kamba zake za kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, kwani pamba hujikaza.

Bei patana kabla fundi hajashika patasi.