Boriti za Lamu: korija imetimia, unene je?

Ndugu yangu, umesema uliagiza korija sita za boriti, yaani miti ya mikoko ya kuezekea dari, kutoka Lamu, zikafika Mombasa kamili kwa hesabu, ila fundi akazikataa karibu nusu kwa wembamba. Usione haya. Mimi nimekulia kwenye mashua ya ami yangu iliyokuwa ikileta miti Bandari ya Kale, na bado nililizwa.

Korija ni miti 20, basi. Haikwambii unene. Unene una majina yake, kuanzia mwembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mazio ni kama sentimita 8 hadi 11 kwa kipenyo, boriti ni 11.5 hadi 13.5. Tofauti ni ya kidole, na mti wa mazio wenye ganda na tope la mkondoni huonekana boriti kabisa.

Shehena yangu ya kwanza niliipokea wakati wa magharibi. Nahodha ananihimiza, maji yameanza kutoka, asije akakaa mchangani. Nikahesabu vichwa vilivyonielekea, vyote vinene. Kumbe ni upande wa mashina, tena ile safu ya juu tu! Asubuhi kufungua, korija saba kati ya thelathini ni mazio.

Tangu hapo natembea na uzi wa sentimita 36, ndio mzunguko wa boriti nyembamba kabisa. Zungusha mti katikati, si shinani. Ncha za uzi zikipishana, hiyo si boriti, hata muuzaji aape. Na uliza ni aina gani ya mikoko: mkoko wenyewe na muia ndiyo ya dari. Ukiona mchu, aina nyingine, umechanganywa, rudisha.

Na walioshangaa humu kwamba bei iko juu, miti hii ina sheria zake. Zamani majahazi yaliibeba na upepo wa kusi hadi Oman na Kuwait, na huko kama Lamu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba kama ushoroba. Kenya ilipiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Februari 2018 ukataji wenyewe ukasimamishwa kwa muda, na wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi. Walioumia zaidi ni wao, si sisi wanunuzi.

Hizo mazio zako usizitupe. Chumba kikiwa chembamba, mwambie fundi azipange karibu karibu juu ya choo na stoo. Boriti za kweli ziweke sebuleni, na muuzaji akurudishie tofauti ya bei kabla hujampa salio.