Baba Amefariki na Kesi Haijakwisha: Je, Deni Limeondoka Naye?

SWALI: Baba yetu alikuwa na duka la vitambaa Eastleigh, Nairobi. Mshirika wake wa zamani alimshtaki katika mahakama ya Milimani akidai shilingi 1,800,000 za mtaji. Baba alifariki kesi ikiendelea, na sasa mwaka unakaribia kutimia. Kaka zangu wawili hawataki tuchukue barua za usimamizi wa mirathi kabla mwaka haujapita, kwa kuwa wakili amewaeleza kwamba kesi itaanguka. Ustadh mmoja naye amewaambia kuwa kifo hufunga madai yote ya dunia. Mimi nimeona daftari la Baba, ambamo ameandika kwa mkono wake kwamba alipokea 900,000 kutoka kwa mtu huyo, na hakuna palipoandikwa kuwa zilirudishwa. Mama yuko hai. Nikisema, nitaambiwa namwaibisha Baba kaburini. Nifanye nini?

JIBU: Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu, na akulipe wewe kwa kuogopa pale ambapo wengi wangelifunika daftari na kunyamaza. Nimeona nijibu kwa urefu kwa sababu maneno ya huyo ustadh nimeyasikia katika hitima za mjini humu, na yanawatuliza warithi kwa gharama ya maiti.

Kuhusu sheria ya nchi, wakili hajakosea. Kwa mujibu wa Agizo la 24 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, kifo cha mdaiwa hakiui kesi ikiwa haki inayodaiwa ni ya kubaki, na deni ni katika hizo. Kesi ya kukashifiwa ndiyo huzikwa na mwenyewe. Mdai hupewa mwaka mmoja kuomba mwakilishi wa marehemu aingizwe mahali pake, na asipoomba, kesi huanguka. Hata hivyo, anaweza kuomba ifufuliwe akionyesha sababu ya kutosha, na mdai ambaye warithi walikataa makusudi kusimama ana la kumweleza hakimu.

Lakini kilichoanguka hapo ni kesi. Kusema kwamba na deni limeanguka ni kosa kubwa, tena halina mtangulizi ninayemjua miongoni mwa wanachuoni. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, kila mafungu ya warithi yanapotajwa hufuatiwa na sharti kwamba ni baada ya wasia au deni. Basi kama kifo kingefuta madai, deni gani hilo linalotangulizwa mbele ya urithi? Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu asiyeacha kitu, akawaambia maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile ndipo yeye akamswalia. Maiti yule hakuwa na kesi popote, wala hakimu, wala tarehe ya kutajwa.

Wapo watakaosema kwamba mdai mwenyewe amenyamaza, na muda ukipita amesamehe. Kunyamaza si kusamehe, na huenda hana hata pesa za kumlipa wakili. Waliotunga Majalla, sheria za madai za dola ya Uthmania, waliweka muda ambao ukipita kadhi hasikilizi dai, na bado wakaandika katika kifungu cha 1674 kwamba haki haianguki kwa kupita zama, na kwamba mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, muda hauzingatiwi. Walijua kutenganisha mlango wa mahakama na dhima ya mtu. Na hata hukumu kamili iliyotolewa haihalalishi mali ya mwenzio: katika hadithi ya Umm Salama, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume amesema kwamba yule anayemhukumia kitu cha haki ya nduguye asikichukue, kwani anamkatia kipande cha moto. Ikiwa hivyo ndivyo kwa hukumu ya Mtume, sembuse faili lililoanguka kwa kukosa ombi?

Hata hivyo, binti yangu, usibebe zaidi ya lililo juu yenu. Mdai lazima athibitishe, na kwa madhehebu ya Shafi anayemdai maiti huapa pamoja na kuleta ushahidi, kwa kuwa maiti hawezi kujitetea. Zile 900,000 ambazo baba yenu amezikiri kwa mwandiko wake zilipwe, ila ikithibiti kuwa alizirudisha. Zilizosalia bado ni madai, na mna haki ya kuyapinga. Wala hamlazimiki kutoa mifukoni mwenu, bali hulipwa kutoka katika alichoacha tu.

Anza na Mama, si na kaka zako. Mpeleke daftari faraghani, msome ukurasa ule pamoja, kisha yeye ndiye awaite wanawe, maana neno litokalo kwake halitasikika kama usaliti wa dada. Waambie kwamba anayemwaibisha baba ni yule anayemwacha na deni ambalo mali yake ingelimaliza. Kisha tafuteni mzee mwenye busara amwendee mshirika, muombe apunguze au apokee kwa awamu. Mkikubaliana, chukueni barua za usimamizi na mawakili wayaandikishe makubaliano mahakamani, kabla mwaka haujapita, ili asije mtu kuyakana.

Na wakikataa kabisa? Kwa kauli yenye nguvu kwa Mashafi, mrithi anayekiri peke yake hulipa kwa kadiri ya fungu lake. Ikiwa warithi ni Mama, kaka zako wawili na wewe, fungu lako ni saba katika arubaini, na sehemu yako ya deni ni shilingi 157,500. Mahanafi wao humtaka alipe deni lote kutoka katika fungu lake, lakini mimi sikupi uzito huo. Ukishapokea urithi wako, zitoe hizo mbele ya mashahidi wawili, na mshirika atie saini kwamba amezipokea.