Ukitaka kuandika historia ya mabasi ya familia, anza na gari, usianze na babu

Kazi hii nilidhani ni ya mwezi mmoja. Babu mzaa baba alianzisha kampuni ya mabasi, baba na ndugu zake wakairithi, nasi wajukuu tukabaki na sanduku la picha na maneno mengi. Nikawaza: nitakaa na wazee, niwashe kinasa sauti, wasimulie, niandike. Mwezi ulipokwisha nilikuwa na hadithi nne za jinsi basi la kwanza lilivyonunuliwa, kila moja na rangi yake ya basi, pamoja na baba wadogo wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu yangu. Kitabu kilikuja kutoka mwaka wa tatu.

Kwa hiyo wewe mwenye sanduku kama lile, nakuomba uwaache wazee kwanza. Shika magari.

Gari lina karatasi, na karatasi haina upande katika ugomvi wa familia. Chukua daftari, kila gari lifungulie ukurasa wake: namba ya usajili, namba ya chesisi (ile fremu ya chini inayobeba injini na magurudumu), nani alitengeneza chesisi, nani alijenga bodi, lilinunuliwa jipya au kuukuu, kutoka kwa nani, lilianza kazi lini na liliishia wapi. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Basi halifi siku moja. Huuzwa kwa mwenye kampuni ndogo zaidi, likachoka, likavuliwa injini, likageuzwa stoo au banda la kuku. Moja letu nililikuta bandani kweli, na kibao cha namba ya chesisi bado kimeng'ang'ania mahali pake.

Lakini usiiamini namba ya usajili peke yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilikuwa kawaida chesisi kununuliwa kwa kampuni moja na bodi kujengwa kwa nyingine, na chesisi nzuri iliweza kuizika bodi yake ikavaa ya pili. London ndiko walikopindukia. Katika karakana kubwa ya Aldenham basi lilipoingia kwa matengenezo makubwa, bodi iliinuliwa, chesisi ikaenda zake, na gari lililotoka likiwa na namba ileile huenda lilikuwa na bodi ya mwenzake. Mimi jambo hilo lilinipata kwa kiwango kidogo. Nilikuwa na picha ya basi lenye pua ya mviringo na nyingine ya basi lenye uso bapa, nikayaandika kuwa mawili. Fundi aliyefanya kazi gerejini kwetu tangu ujana wake aliangalia, akacheka. "Hilo ni moja. Lilipinduka, tukalivisha nguo nyingine." Kampuni ikapungukiwa gari moja kwa sentensi hiyo.

Kadi za magari ndizo pia zilizonionyesha kwamba basi la kwanza lilikuwa na wenyewe wawili. Jina la pili sikuwahi kulisikia nyumbani, hata mara moja. Alikuwa mshirika wa babu kwa miaka sita, kisha akafutika kwenye simulizi kama alama ya chaki. Kama ningeanza na wazee, ningeandika kitabu kizima bila yeye.

Neno "wa kwanza" liwashie taa nyekundu. Kila familia ya mabasi ina wa kwanza wake. Uliza: wa kwanza kwa lipi? George Shillibeer alianza kubeba abiria wa London kwa basi la farasi mwaka 1829. Basi la injini la Benz lilianza kazi Ujerumani mwaka 1895, likitoka Siegen kwenda Netphen. Kati ya hapo na babu yako kuna watu wengi. Swali lenye faida zaidi ni hili: kabla ya basi alikuwa akifanya nini, na nini kilimshinda? Carl Wickman, aliyeanzisha kilichokuja kuwa Greyhound, kampuni kubwa ya mabasi ya Marekani, alikuwa akijaribu kuuza magari huko Hibbing, Minnesota. Moja likakosa mnunuzi, akaanza kulitumia kupeleka wachimbaji migodini mwaka 1914. Delaine, kampuni ya familia katika mji wa Bourne huko Uingereza, ilianza mwaka 1890, enzi za farasi. Babu yangu alikuwa na lori la mizigo, na mizigo ilipopungua alipigilia mabenchi nyuma. Familia hailipendi lori lile. Mimi nimelitengea sura nzima.

Sasa tiketi na daftari za makondakta. Hapa nitakawia, maana watu hutupa vitu hivi wakabakiza picha.

Kondakta alipoanza zamu aliandika namba ya tiketi ya juu katika kila bunda, na alipomaliza akaandika iliyofuata. Tofauti kati ya namba hizo ni abiria waliolipa. Hakuna ujanja zaidi ya huo. Waliotumia mashine za kutobolea tiketi za Bell Punch walikuwa na ulinzi mwingine: kila tiketi iliyotobolewa ililia kengele, na kile kipande cha karatasi kilichokatwa kilibaki ndani ya mashine. Ofisi ikimshuku mtu, ilifungua mashine na kuhesabu vipande kwa rangi, kwa kuwa kila nauli ilikuwa na rangi yake. Ukiwa na karatasi za hesabu za miaka michache tu unaweza kujua Jumamosi fulani gari lilijaa au lilikwenda tupu. Nilizipiga hesabu zetu usiku mfululizo, nikagundua kwamba ile njia ndefu ambayo ukoo mzima hujivunia, yenye basi la kifahari na dereva mwenye kofia, ilikuwa inakula fedha. Iliyolisha nyumba ni safari ya alfajiri ya wafanyakazi wa kiwanda, basi bovu kuliko yote, pamoja na safari za kukodi mwisho wa juma. Hakuna aliyewahi kuipiga picha ile safari ya alfajiri.

Ukimaliza hapo, tafuta sheria ya nchi yenu kuhusu leseni za njia. Tarehe ambazo wazee huzieleza kwa bahati au hasira mara nyingi zina sheria nyuma yake. Kwa mfano Uingereza, sheria ya mwaka 1930 ilitaka kila huduma ya basi iombewe leseni kwa makamishna wa usafiri. Wapinzani, reli wakiwemo, waliruhusiwa kuweka pingamizi, na maombi yakachapishwa katika majarida ya serikali ambayo watafiti huyasoma hadi leo. Sheria ya mwaka 1985 ikaondoa utaratibu huo nje ya London kuanzia Oktoba 1986, na kampuni nyingi za familia ambazo zimelindwa kwa miaka zikajikuta zinagombania abiria kituoni. Ukikuta kampuni ya huko iliyouzwa miaka michache baada ya hapo, usikimbilie kumlaumu mtoto mlevi.

Ndipo uende kwa wazee. Anza na wasio wa ukoo: madereva, makondakta, mafundi, mwosha magari. Hao hawana urithi wa kuutetea. Mzee mmoja mmoja, kamwe usiwaweke wawili chumba kimoja, kwa kuwa mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Weka picha mezani, nyamaza. Ukiuliza "mambo yalikuwaje?" utajibiwa "mazuri sana." Ukiuliza alfajiri alifikaje gerejini wakati basi lenyewe bado halijatoka, atakusimulia saa nzima. Taja tarehe na jina mwanzoni mwa kila rekodi, na uombe ruhusa ya kutumia maneno yake.

Picha usizibandue kwenye albamu. Piga au skani ukurasa wote, kisha kila picha, kisha mgongo wake kama unafikika. Ukiandika nyuma tumia penseli laini, si kalamu ya wino.

Kuhusu ugomvi: kampuni yetu iliuzwa, na ndugu wawili wana maelezo mawili ya sababu. Nimeyaandika yote mawili, kwa urefu uleule, na barua ya benki ikafuata bila maoni yangu. Wote wawili walinuna, kisha wakazoea. Ajali nayo nimeiandika, kwa kuwa watu walikufa na kitabu kisingekuwa cha kweli bila wao. Nimeweka siku, barabara, hali ya breki kama ripoti ilivyosema, na kampuni ilifanya nini baadaye. Jina la dereva nimeliacha. Wanawe wapo.

Chapisha nakala chache kwanza, na mwishoni acha kurasa tupu tano au sita. Mwambie kila anayepewa aandike humo makosa, kisha akurudishie. Nilidhani hakuna atakayejisumbua. Nakala ya shangazi ilirudi ikiwa imejaa penseli. Katika sura ya tatu nilikuwa nimesifu mwandiko wa babu kwenye daftari za hesabu, uliodumu miaka kumi na mmoja bila doa, nikasema bibi "alisaidia mara mojamoja". Shangazi ameikata sentensi nzima. Pembeni ameandika: "Huu ni mwandiko wa mama. Baba alikuwa anaweka sahihi tu." Chini yake amebandika orodha ya sokoni ya zamani, ili nilinganishe herufi.

Nimelinganisha. Sura ya tatu naiandika upya.