Baba anaenda misheni: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu watoto wake

Dada, umesema mumeo, ambaye ni mwanajeshi, ameshapata amri ya kwenda misheni, mdogo wa miaka 4 ameanza kukojoa kitandani na mkubwa wa miaka 11 amekuwa mkimya. Nimekulia kota za jeshi na nimeolewa na mwanajeshi, kwa hiyo hili nimeliishi pande zote mbili.

Waambieni watoto mapema, baba akiwepo. Asije akaondoka usiku wamelala eti wasilie. Mtoto akiamka na kukuta baba hayupo, ataanza kukulinda wewe, hadi chooni atakufuata. Mdogo hajui miezi ni nini, mhesabie kwa matukio: sikukuu, kufungua shule, siku yake ya kuzaliwa. Tarehe kamili ya kurudi usimpe, misheni huongezwa muda. Na mwambie wazi kwamba baba haondoki kwa sababu ya kosa lake, maana watoto wa umri huo hujilaumu. Kuhusu kukojoa, usimfokee. Badilisha shuka, mlale. Isipoisha, mwone daktari.

Mkubwa ndiye anayenipa wasiwasi. Watu watamwambia, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Nakuomba uwazuie, hata wakiwa wakwe. Kaka yangu aliambiwa hivyo na majirani, akaacha mpira, kila usiku akawa anazunguka kukagua komeo za milango ndipo alale. Mwachie wako kazi za umri wake tu. Baba naye, kabla hajaondoka, akae naye peke yao, wapange kitu chao wawili, hata daftari la kuandikiana maswali. Mdogo naye, baba amrekodie hadithi kwa sauti yake.

Siku moja utaulizwa, "Baba anaweza kufa?" Usiape kwamba hawezi. Mama yetu alitujibu: "Kazi yake ina hatari, amefunzwa, hayuko peke yake. Likitokea lolote nitawaambia mimi, hamtasikia kwa watu." Basi tukaacha kutegea sikio maongezi ya wakubwa. Wakiwepo, zima taarifa za habari za vita. Wafundishe pia kutotaja mtandaoni baba yuko wapi au anarudi lini.

Shuleni, ongea na mwalimu wa darasa ajue kinachoendelea. Akikuona unadekeza watoto, usirudi nyuma, shida za watoto wa wanajeshi zinafahamika: Uingereza shule hupewa fedha za ziada kwa ajili ya watoto wa wanajeshi tangu 2011, na Marekani majimbo yote 50 yana makubaliano ya kuwarahisishia kuhama shule. Ukija uhamisho, beba nakala za matokeo mkononi, usingoje zitumwe.

Sasa kurudi. Wengi hujiandaa kwa kuondoka tu, na kwa niliyoyaona, kurudi ndiko kugumu zaidi. Mdogo anaweza kujificha nyuma ya gauni lako, amwone baba mgeni. Mkubwa atakuwa amekua, nyumba ina taratibu mpya, halafu baba anaingia na kuanza kutoa amri zile za zamani. Zungumzeni hili kabla hajapanda gari. Akirudi akae chini sakafuni mdogo anapochezea, asimvute wala asimlazimishe kumkumbatia, atakuja mwenyewe. Wiki za mwanzo kazi ya kuadhibu ibaki kwako, na saa za kulala zisibadilishwe. Baba akiwa hapati usingizi, anashtuka ovyo au hasira ziko karibu, waeleze watoto kwamba hawakumkosea, na yeye aombe ushauri nasaha kikosini au hospitali.

Wewe nawe usijifungie ndani, kwa kuwa watoto watasoma uso wako kila asubuhi. Tafuta wanawake wawili watatu ambao waume zao nao wako misheni, mpokezane watoto upate hata saa moja ya kulala. Na mkubwa akianza kukataa chakula au shule, usingoje baba arudi. Mpeleke kwa mshauri wiki hiyo hiyo.