Bingwa wa Futiboli ya Vyuo Marekani Apatikane Uwanjani: Jibu kwa Mnaouliza Kutoka Nyumbani

Kila ikifika Desemba swali hutoka nyumbani: inakuwaje huko Marekani timu ya chuo ishinde mechi zake zote, halafu iambiwe haina nafasi ya kugombea ubingwa? La pili halikawii: mtu mzima aliyetoka Tanga au Kisumu anapata nini kwa kushabikia mpira wa wanafunzi, tena ule wa kushika kwa mikono? Nayajibu yote mawili bila kuficha. Msimamo wangu ni kwamba bingwa apatikane kwa mtoano, na mechi nyingi za mtoano zichezwe kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe.

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Kila timu hukutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, na mwisho wa msimu msimamo wa ligi unamaliza ubishi. Futiboli ya vyuo haiwezi kufanya hivyo. Msimu wa 2025 ngazi ya juu ilikuwa na timu 136, na kila timu hucheza mechi 12 tu za kawaida, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Mchezo huu ni wa kugongana miili, hauwezi kuchezwa Jumatano na tena Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Vyuo vimejigawa katika jumuiya ziitwazo konferensi, na zenyewe zimekuwa kubwa mno: Big Ten ina vyuo 18, na kila kimoja hukutana na wenzake 9 tu kwa msimu. Basi timu mbili zinaweza kumaliza bila kufungwa, bila kukutana, na bila hata kucheza na mpinzani mmoja wa pamoja. Nani bora? Msimamo hauwezi kukujibu, kwa sababu hakuna msimamo mmoja.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kura. Waandishi wa michezo wa shirika la habari la AP walianza kupanga orodha yao mwaka 1936, na makocha wakaja na yao mwaka 1950. Aliyeongoza orodha ndiye bingwa. Orodha zilipotofautiana, mabingwa wakawa wawili: mwaka 1997 waandishi walisema Michigan, makocha wakasema Nebraska, na timu hizo mbili hazikuwahi kukutana kulimaliza. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kuchagua timu mbili za fainali. Mbili tu. Msimu wa 2004 USC, Oklahoma na Auburn zote zilimaliza bila kufungwa, Auburn ikaachwa nje, na fainali ikaisha 55–19 kwa USC. Auburn ilishinda mechi zake 13 ikabaki na vyeti vya pongezi.

Mwaka 2014 ukaja mtoano wa timu nne. Msimu huohuo wa kwanza Ohio State, iliyopewa nafasi ya nne, iliifunga Alabama 42–35, kisha Oregon 42–20, ikachukua ubingwa. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba wapangaji wa orodha hawana macho ya kuona bingwa mapema. Lakini nne nazo hazikutosha. Msimu wa 2017 chuo cha UCF cha Florida hakikufungwa mechi hata moja na hakikuingizwa. Kilipewa mechi ya heshima ya kufunga msimu, isiyo ya ubingwa, dhidi ya Auburn, kikashinda 34–27. Auburn hiyohiyo ilikuwa imezifunga Alabama na Georgia msimu uleule, na ni Alabama na Georgia waliocheza fainali! Halafu ikaja 2023, ambayo ndiyo mliyoisikia zaidi: Florida State ilishinda mechi 13 kati ya 13 na ubingwa wa konferensi yake, ikaachwa nje kwa sababu mrushaji wake mkuu wa mpira, Jordan Travis, alikuwa ameumia mguu mwezi Novemba. Nafasi ikapewa Alabama iliyokuwa imefungwa mara moja. Wanaotetea uamuzi ule hutaja kwamba Florida State ilikwenda kupigwa 63–3 na Georgia, lakini wachezaji wengi hawakushuka uwanjani siku ile kwa kuwa mechi ilikuwa haina maana tena. Matokeo ya mechi waliyoikatia tamaa hayahalalishi kuwanyima ile waliyoistahili.

Tangu msimu wa 2024 timu ni 12. Kwa misimu ya 2024 na 2025 mabingwa watano wa konferensi waliokuwa juu zaidi kwenye orodha walikuwa na nafasi zao, na saba waliobaki walichaguliwa na kamati inayokutana Grapevine, Texas. Kamati hutoa orodha yake Jumanne kadhaa za Novemba, na ile ya mwisho hutoka Jumapili ya mwanzo wa Desemba. Wa kwanza hadi wa nne huruka raundi ya kwanza. Wa 5 hucheza na wa 12, wa 6 na wa 11, wa 7 na wa 10, wa 8 na wa 9, kwenye uwanja wa chuo cha aliye juu. Baada ya hapo kila kitu kinahamia viwanja vya mbali, kama Rose Bowl ya Pasadena.

Faida imeonekana ndani ya misimu miwili tu. Ohio State ilifungwa na Oregon 32–31 Oktoba 2024, wakakutana tena kwenye robo fainali, safari hii Ohio State ikashinda 41–21, na ikaenda hadi kuifunga Notre Dame 34–23 kwenye fainali. Msimu uliofuata Miami ilipangwa ya kumi. Ya kumi! Iliitoa Texas A&M ugenini, ikamtoa bingwa mtetezi Ohio State, ikafika fainali na kufungwa na Indiana 27–21 tu. Na Indiana yenyewe ni chuo ambacho kwa vizazi kilihesabiwa miongoni mwa vibonde wakubwa wa ngazi hii. Kilimaliza na ushindi wa mechi 16 kati ya 16, na hakuna anayeweza kuuita ubingwa wa kura.

Wapinzani wa mtoano wana hoja moja nzito. Jumamosi ya mwisho ya Novemba Ohio State hukutana na Michigan, na kwa uzito wa chuki na mapenzi chukulieni Simba na Yanga. Novemba 30, 2024 Michigan ilishinda 13–10 nyumbani kwa Ohio State. Zamani kipigo hicho kingeufuta msimu mzima wa Ohio State, lakini safari hii walichukua ubingwa wiki saba baadaye. Wanasema mtoano umeua thamani ya dabi. Naiheshimu hoja hiyo, ila naona wanahesabu upande mmoja. Katika mfumo wa timu mbili, ikifika Novemba timu nyingi mno zilikuwa zinacheza bila lengo. Sasa timu 20 au 25 bado zina hesabu zao, na kila Jumamosi kuna mechi ambazo atakayefungwa anakwenda nyumbani. Vyuo vidogo vya ngazi za chini vimekuwa na mtoano wao tangu miaka ya 1970. Waliochelewa ni wakubwa, kwa sababu mechi za heshima za mwisho wa mwaka zilikuwa na wenyewe, na zilikuwa na pesa.

Mfumo wa 12 una kasoro mbili za wazi. Ya kwanza ni hiyo zawadi ya kuruka raundi. Kwa misimu ya 2024 na 2025 timu nane ziliipata, na saba zilitolewa kwenye mechi yao ya kwanza. Indiana peke yake ilipona. Sababu haijifichi: Oregon ilicheza fainali ya konferensi Desemba 7, 2024, ikakaa siku 25 bila mechi, kisha ikakutana na Ohio State iliyotoka kucheza siku 11 kabla. Mazoezi hayarudishi kasi ya kugongana. Walijaribu kurekebisha mwaka 2025 kwa kuwapa zawadi hiyo wanne wa juu kabisa kwenye orodha badala ya mabingwa wa konferensi, lakini tatizo halikuwa nani anapumzishwa, ni mapumziko yenyewe.

Ya pili ni safari. Shabiki wa Ohio State aliyetaka kuifuata timu yake msimu wa 2024 alianza nyumbani Columbus, akaenda Pasadena Januari 1, Arlington ya Texas Januari 10, Atlanta Januari 20. Tiketi tatu za ndege zilizonunuliwa kwa kushtukiza, hoteli tatu, viingilio vitatu, ndani ya wiki tatu. Hakuna mwalimu wala muuguzi anayeweza hilo, na wahamiaji ndio kabisa. Basi viti hujazwa na wageni wa makampuni.

Dawa yangu ni timu 16, hakuna anayeruka, na fainali za konferensi zifutwe. Hesabu hainipingi: Indiana ilicheza mechi 12 za kawaida, fainali ya konferensi, na tatu za mtoano, jumla 16. Kwa mpango huu bingwa angecheza 12 na nne za mtoano, jumla ileile 16, kwa hiyo miili ya vijana haiongezewi mzigo. Raundi ya kwanza na robo fainali zichezwe vyuoni, aliye juu awe mwenyeji. Kukosa fainali ya konferensi kutaumiza mifuko ya konferensi, najua, na ndiyo sababu wanasita. Na kamati ifungwe na kanuni moja iliyoandikwa: timu zikilingana kwa kushinda na kufungwa, na zilikutana, aliyeshinda awe juu. Mwaka 2025 Miami iliifunga Notre Dame 27–24 kwenye mechi yao ya kwanza ya msimu, zote zikamaliza na ushindi 10 na vipigo 2, na bado kamati iliiweka Notre Dame juu kwa wiki kadhaa kabla ya kugeuka siku ya mwisho. Jibu lilikuwepo tangu Agosti.

Sasa swali la pili. Ukiishi kwenye mji wa chuo, hii si burudani ya pembeni, ni kalenda ya mji. Uwanja wa Michigan pale Ann Arbor una viti 107,601, wakati wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam huingiza 60,000. Timu ina mechi sita hadi nane za nyumbani kwa msimu, na Jumamosi hizo hoteli hupandisha bei na nyingi hulazimisha usiku mbili. Kabla ya kupanga arusi, arobaini au kikao cha jumuiya kati ya Septemba na Novemba, tazameni kwanza ratiba ya timu, la sivyo wageni watakosa pa kulala na barabara hazitapitika. Maegesho mengi ya chuo huchukuliwa na mashabiki. Gari lisiloondolewa Ijumaa usiku huvutwa, na kulikomboa ni gharama. Viwanja vingi haviruhusu mkoba wa kawaida, ila mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, usiozidi takriban sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Novemba kaskazini baridi hushuka chini ya sifuri na utakaa juu ya bati la benchi karibu saa tatu na nusu. Vaa tabaka tatu na uweke kitu cha kukalia.

Shangazi na wajomba mnaouliza kama kijana anaweza kupata nafasi: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa 2025–26, kwa michezo yote. Lakini vijana wanaosajiliwa wamecheza tangu shule, na makocha wanawajua kwa video zao. Kijana wa kwetu ana njia fupi zaidi kupitia riadha au soka. Isitoshe, mwenye viza ya mwanafunzi ana masharti makali ya kazi, na malipo hayo yanaweza kumharibia viza. Aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote. Anayewadai pesa kwanza ili amtafutie nafasi ni mwizi.

Mnaotaka kuangalia: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapata manne mengine. Kufika mwisho wa uwanja na mpira ni pointi 6, na baada yake kuna nyongeza ya 1 kwa mkwaju au 2 kwa kuingia tena. Mkwaju wa kawaida kati ya nguzo ni 3. Fainali huchezwa Jumatatu usiku Januari, nanyi itawakuta saa tisa na nusu alfajiri ya Jumanne, na wenye kazi siwashauri. Chagueni raundi ya kwanza, Jumamosi ya wiki ya tatu ya Desemba: mechi ya saa sita mchana ya Mashariki mwa Marekani ni saa mbili usiku Dar na Nairobi, inachezwa chuoni, na wanafunzi wanakuwa wamesimama tangu mwanzo hadi mwisho.