Ndege ya kulala njiani: hesabu za msafiri anayeanzia Mtwara au Lindi

Anayetoka Mtwara au Lindi kwenda Guangzhou, Mumbai au Istanbul hana ndege moja ya kumfikisha. Ataunganisha mara moja au zaidi, na kwenye tiketi za bei nafuu mojawapo huwa ni ya kulala: unashuka jioni kwenye mji wa watu, ndege inayofuata ni asubuhi. Wengi huuchukua usiku huo kama adhabu. Wanajikunja kwenye viti vya uwanjani, begi chini ya miguu, mpaka kunakucha. Kumbe kitanda na chakula cha usiku ule pengine vilishalipiwa ndani ya tiketi, na saa mbili tatu za kuuona mji zilikuwepo.

Tutakaa zaidi Addis Ababa, kwa sababu wasafiri wengi wa Tanzania huunganishia huko. Doha, Dubai na Istanbul tutazipitia kwa haraka.

Usiku wako unaamuliwa siku ya kukata tiketi

Kabla ya bei, muulize wakala kama safari yote iko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya kumbukumbu (ile ya herufi na tarakimu sita). Ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa shirika ndilo litakalokutafutia nyingine. Ikiwa wakala amekuunganishia tiketi mbili za mashirika yasiyojuana ili akupunguzie dola kadhaa, kwa shirika la pili wewe ni abiria aliyechelewa tu. Zaidi ya hapo utalazimika kuchukua mabegi yako mwenyewe, kupita uhamiaji na kuanza upya kaunta, maana yake unahitaji viza ya nchi ambayo hukuwa na shida nayo. Tiketi ya namna hiyo, kwa safari ya kulala njiani, tunasema wazi: usinunue.

Kisha hoteli. Ethiopian Airlines huwapa abiria hoteli, mlo na usafiri pale wanaposubiri saa nyingi kwa sababu hakuna ndege ya mapema zaidi ya kuwaunganisha. Shika sharti hilo. Kama ipo ndege ya kukusubirisha saa 3 nawe ukachagua ya saa 15 kwa kuwa ni rahisi, hoteli ni juu yako. Emirates wana huduma kama hiyo iitwayo Dubai Connect, na inaombwa kabla ya safari, si ukishafika. Mwambie wakala athibitishe kwa maandishi. "Utapewa kule kule" si uthibitisho.

La tatu ni viza. Kaunta za mashirika huangalia mfumo wa Timatic, wenye masharti ya viza ya kila nchi, nao hujibu kwa pasi unayoshika, si ya jirani yako. Mwenye pasi ya Kenya anaweza kupita mahali ambapo wa Tanzania anasimamishwa. Wakala anaweza kuufungua huo mfumo mbele yako. Aangalie vyote viwili, kupita tu na kutoka nje ya uwanja. Kwa Dubai, viza ya kupita ya saa 48 au 96 huombwa kabla kupitia shirika la ndege. Kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) ikae pamoja na pasi, isizame kwenye begi kubwa. Sindano yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma juzi ya safari hakukusaidii. Ukishachoma, inadumu maisha.

Kutoka Kusini mpaka Terminal 3

Barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na masika ina tabia zake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, maji yaliikata eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Kati ya Machi na Mei panga kufika Dar siku moja kabla, hata kama ndege yako ni ya jioni. Kama uwanja ndio unakokwenda, shuka Mbagala uchukue gari kutoka hapo, usivutwe mpaka stendi ya Magufuli kule Mbezi halafu urudi nyuma kwenye foleni.

Ukija kwa ndege ya ndani, utashukia Terminal 2 ya uwanja wa Dar wakati ya nje inaondokea Terminal 3. Ni mwendo wa gari, si wa miguu na begi la kilo 23. Na kama tiketi ya ndani ilikatwa peke yake, mzigo unauchukua mwenyewe na kuupeleka, hakuna atakayekuhamishia.

Kaunta wakikupa karatasi ya mzigo, isome hapo hapo. Ina herufi tatu kubwa za uwanja wa mwisho na namba ya tarakimu 10. Anayekwenda Mumbai aone BOM, wa Guangzhou aone CAN. Ukiona ADD ndiyo imeandikwa kubwa kama mwisho wa safari, begi lako litashushwa Addis nawe unalala usingizi hotelini ukidhani limesonga mbele. Sema kabla halijapanda mkanda. Piga picha karatasi ile. Gundi yake hukauka na kubanduka, na bila ile namba kulitafuta begi ni kazi.

Begi likishaandikiwa mpaka mwisho, usiku huo hutaliona. Hapa ndipo wengi hukwama: sweta, mswaki, dawa ya presha na chaja vyote vimelala chumba cha mizigo. Kwenye begi la mkononi weka nguo moja ya kubadili, kandambili, sweta nzito, dawa za siku 3 zikiwa na karatasi ya daktari, na kanga au kikoi. Kikoi ni shuka, ni taulo, ni mswala, na hakina uzito. Pawa benki ni ya mkononi tu, haipelekwi kwenye mizigo, na isizidi Wh 100, sawa na mAh 27,000 hivi. Plagi zetu za miguu mitatu bapa zinaingia Doha na Dubai. Addis na Istanbul soketi ni za matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo nunua adapta kabla.

Korosho zilizokaangwa na kufungwa vizuri zinapita kwenye mashine bila maneno. Achari ya embe, asali na mafuta ya nazi, chombo kikizidi ml 100, vitabaki Addis, kwa sababu abiria wa kuunganisha hukaguliwa upya. Hata chupa ya maji uliyoinunua Dar baada ya ukaguzi itachukuliwa. Viweke kwenye begi kubwa, vimefungwa mifuko miwili.

Addis, saa kwa saa

Chukua mfano: umetua Bole, uwanja wa Addis, saa 1:30 usiku, ndege yako ni saa 5:00 asubuhi. Ni saa 15 na nusu, na mtu huona ana muda wa kumwaga. Anza kutoa. Foleni ya vocha ya hoteli, uhamiaji na basi la hoteli ni saa 2, kwa hiyo chumbani unaingia saa 3:30 usiku. Asubuhi uwe uwanjani saa 2:00, utoke hotelini saa 1:30. Zimebaki saa 10. Lala 6, toa 1 ya kuoga na kupanga begi. Mkononi una saa 3. Hizo ndizo za mji, na hakuna njia ya kuziongeza isipokuwa kuiba usingizi.

Ukishuka kwenye ndege usifuate umati wa wanaounganisha kwenda mageti. Ukishapanda na kupita ukaguzi wa kule, kurudi kudai hoteli ni mzozo. Tafuta kwanza dawati la hoteli za abiria wa kupita, ukiwa na pasi, kadi ya kupandia na tiketi mkononi. Ndege kadhaa hushuka kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukisimama chooni dakika 10 unaweza kukuta watu 80 mbele yako. Uliza mambo mawili tu: hoteli gani, na basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Piga picha vocha, kwa sababu mapokezi wataichukua.

Hoteli huchagui. Ethiopian wana ya kwao karibu kabisa na uwanja, Skylight, lakini wengine hupelekwa za mitaa ya Bole. Mlo wa vocha una saa zake na jiko hufungwa, kwa hiyo uliza chakula kabla ya kupandisha begi. Soda, kufuliwa na simu ni juu yako.

Halafu suala la saa. Waethiopia huhesabu kama sisi: kukicha ni saa 12, baada yake saa 1. Mswahili anajisikia nyumbani, na hapo ndipo mtego ulipo. Mhudumu akikwambia kwa Kiingereza "one o'clock", anaweza kuwa anamaanisha saa 1 ya asubuhi, nawe ukaelewa saa 7. Tiketi na mabango ya uwanjani hutumia saa 24. Usikubaliane na mtu kwa mdomo. Mwandikie mapokezi 05:45 kwenye karatasi, na weka alamu yako mwenyewe pia. Habari njema ni kwamba simu huigusi: Addis na Mtwara saa ni ile ile.

Baridi ni ya kweli. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, nasi tumezoea mita chache juu ya maji ya Shangani. Novemba hadi Januari usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Juni hadi Septemba ni mvua. Utahema ukipanda ngazi mbili. Si ugonjwa, ni hewa nyepesi. Kunywa maji na usikimbie.

Kwa chakula cha nje, muombe mapokezi akuitie teksi na akutajie bei kabla hujaingia, au utumie programu ya Ride. Bole kuna migahawa yenye ngoma na mchezo wa mabega, eskista, kila usiku. Yod Abyssinia ndiyo inayojulikana zaidi. Saa 4 hadi saa 6 usiku zinatosha. Kwa Mwislamu kuna la kuangalia: nyama ya mgahawa wa Kikristo na ya mgahawa wa Kiislamu hazichinjwi na watu wale wale, na wenyewe huku huliheshimu hilo. Agiza beyaynetu ya mfungo, sinia la injera (mkate bapa wa huko) lenye dengu, shiro (mchuzi wa unga wa mikunde), kabichi na mboga za majani, halina nyama wala maziwa. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga, utalipata popote. Kitfo nayo mara nyingi ni nyama mbichi. Kama una safari ya saa 9 mbele yako, iache.

Badilisha dola 20, zisizidi, kwa sababu birr, fedha ya huko, ukitoka nazo hakuna anayezitaka. Shilingi yetu usihangaike nayo. Dola ziwe safi, zisizochanika. Simu usiishike mkononi barabarani usiku.

Alfajiri ndiyo saa nzuri kuliko zote, na wengi huilala. Kunapambazuka saa 12 hivi. Kama hoteli iko Bole, kanisa kuu la Medhane Alem haliko mbali. Watu wanaingia na mashuka meupe, sala inasikika kwenye vipaza sauti. Hata usipoingia ndani, kusimama nje kunatosha. Kisha kahawa. Sherehe kamili ya mizunguko mitatu hula saa nzima au zaidi, kwa hiyo asubuhi simama kaunta kama wenyeji, kunywa makiato (kahawa yenye maziwa kidogo), rudi. Makumbusho ya Taifa yenye mifupa ya Lucy, zamadamu wa miaka milioni 3.2, usiku yamefungwa, yatembelee ukipata kusubiri kwa mchana. (Mtu wa Lindi hapo ana lake la kusema: mifupa ya mjusi wa Tendaguru, iliyochimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913, imesimama Berlin.)

Unaporudi Bole, ukaguzi wa kwanza uko mlangoni: mkanda, viatu, kila kitu. Ndiyo maana tulisema saa 3 kabla.

Miji mingine, kwa ufupi

Doha ni rahisi ukiwa na ruhusa ya kutoka: metro inaanzia uwanjani, riyal 2 kwa safari, na soko la Souq Waqif linafikika kwa kubadilisha treni Msheireb. Ukitua saa 5 usiku achana nayo, metro inaweza kufunga kabla hujarudi. Bila viza, ndani ya uwanja wa Hamad kuna bustani kubwa na hoteli isiyohitaji kupita uhamiaji.

Dubai, sogeza saa mbele kwa saa 1. Nenda Deira, vuka hori kwa abra (mashua ndogo), dirham 1. Teksi ya uwanjani huanza na dirham 25. Dawa zenye codeine na tramadol zimedhibitiwa vikali, usizibebe bila kibali. Simu za WhatsApp hazipiti. Waambie wa nyumbani mapema kwamba utatuma ujumbe, wasije wakakesha na wasiwasi.

Istanbul uwanja uko mbali, kwenda Sultanahmet, mji wa kale, tu ni zaidi ya saa. Chini ya saa 9 za kusubiri, lala uwanjani. Turkish Airlines wana matembezi ya bure, Touristanbul, kwa abiria wa saa 6 hadi 24, lakini anayehitaji viza lazima awe nayo tayari.

Kurudi nyumbani kuna hesabu yake. Ndege za nje nyingi hukupa mabegi 2 ya kilo 23, na ya ndani kutoka Dar kwenda Mtwara mara nyingi ni kilo 23 tu. Usilipie ziada kaunta. Pakia begi moja tangu ulikotoka likiwa la kutengwa, lipeleke ofisi ya basi la Mtwara kama kifurushi, andika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili, na usiondoke bila risiti yenye namba ya gari.